Mtoto anapochanganya ‘si lazima’ na ‘marufuku’

BABA amerudi kutoka duka la dawa akiwa na boksi la vidonge. Ni jioni, Ugalla, mkoani Katavi, na maziwa ya ng’ombe yako mezani. Karatasi iliyomo ndani ya boksi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anaitwa mtoto wa kidato cha kwanza aisome. Anafika kwenye sentensi inayosema “You must not take this medicine with milk”, anafikiri kidogo, kisha anasema: “Baba, wanasema si lazima kunywa na maziwa.”

Baba anaridhika. Kama si lazima, basi ni hiari yake, na yeye maziwa anayapenda. Anameza vidonge na kushushia kikombe kizima.

Huu ni mfano tu, lakini unaweza kutokea katika nyumba yoyote ambayo mtoto ndiye msomaji wa Kiingereza. Karatasi ile haikusema “si lazima”. Ilisema “usinywe”. Dawa kama tetrasaiklini na siprofloksasini hushikana na madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa, na sehemu ya dawa hushindwa kuingia kwenye damu. Mgonjwa anaweza kumaliza dozi yote bila mwili kupata dawa ya kutosha.

Kosa la mtoto huyu halitokani na uvivu. Amefundishwa kwamba “must” ni “lazima” na “not” ni “si”. Akiviunganisha anapata “si lazima”. Hesabu yake inaonekana sawa, ila Kiingereza hakiendi hivyo. “Must not” maana yake ni “lazima usifanye”, yaani marufuku. Anayetaka kusema “si lazima” kwa Kiingereza husema “do not have to” au “need not”.

Safari ya lugha ya mtoto wa Ugalla ni ndefu. Wapo wanaoanza na Kisukuma, Kinyamwezi, Kiha au lugha nyingine ya nyumbani. Shule ya msingi ya serikali inawafundisha kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza mwaka 1967. Wakiingia sekondari, baiolojia, jiografia na hisabati zote zinageuka kuwa Kiingereza. Maneno kama “must”, “should”, “can” na “may” hayabaki kwenye kipindi cha Kiingereza peke yake. Yamo kwenye maelekezo ya maabara, kwenye maswali ya mtihani na kwenye sheria za bweni. Asiyeyaelewa anaweza kukosa alama katika somo analolijua vizuri.

Yapo makosa mengine matatu ambayo mzazi atayakuta kwenye daftari la mwanawe.

La kwanza ni kuongeza “to” pasipotakiwa: “I must to go”, “She can to cook”. Chanzo chake ni Kiswahili. Kwa kuwa tunasema “anaweza kupika”, mtoto anaitafutia ile “ku” mahali pa kukaa. Baada ya “can”, “must”, “should” na “may”, kitenzi kinakuja kitupu: “She can cook”. Wala hakiongezwi “s” mwishoni, hata anayetajwa akiwa mtu mmoja. “He can swims” ni kosa. Sahihi ni “He can swim”. Ila “have to” na “ought to” zenyewe huja na “to” yake, na haiondolewi.

La pili ni kusema uwezo mara mbili: “I can able to read”. “Can” tayari ni “ninaweza”, na “am able to” nayo ni “ninaweza”. Mtoto achague moja.

La tatu linahusu “may”. Neno hili lina kazi mbili. Mwalimu akisema “You may go out”, ametoa ruhusa. Karatasi ya dawa ikisema “This medicine may cause drowsiness”, haitoi ruhusa yoyote. Inaonya kwamba huenda dawa ikaleta usingizi. Dereva wa bodaboda aliyesomewa onyo hilo vibaya anaweza kuwasha pikipiki dakika chache baada ya kumeza kidonge.

Wazazi wengi wakifika hapa hukata tamaa: “Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?” Anayejua Kiswahili vizuri ana msaada mkubwa wa kutoa, kwa sababu kazi kubwa hapa ni ya maana. Mtoto akisoma sentensi yenye mojawapo ya maneno haya, mzazi anaweza kumuuliza maswali manne kwa Kiswahili: Ni lazima? Ni vizuri tu kufanya? Ni ruhusa? Au ni jambo linaloweza kutokea? Kama kuna “not”, anaongeza la tano: Ni marufuku, au ni hiari? Mtoto akilazimika kuchagua jibu, ataona mwenyewe pale ambapo hana uhakika. Hapo aweke alama kwenye daftari, kesho amuulize mwalimu.

Zoezi jingine halihitaji kitabu. Baada ya chakula cha jioni, familia itaje sheria tano za nyumbani na mtoto aziandike kwa Kiingereza. Mto Ugalla una mamba na viboko, kwa hiyo sheria ya kwanza inajulikana: watoto wasiogelee mtoni. Hiyo ni “Children must not swim in the river”. Akiandika “Children do not have to swim in the river”, amesema kuogelea ni hiari yao, na hata mdogo wake atacheka. Sheria ya pili iwe ya hiari, kwa mfano kwamba Jumapili si lazima kuamka mapema. Hapo “do not have to” inapata mahali pake. Mtoto aliyeziandika sentensi hizo mbili moja chini ya nyingine ataziona tofauti kwa macho.

Ni vema pia marekebisho yafanyike kwa upole. Mtoto anayechekwa mbele ya wageni kwa kusema “must to” hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza darasani mwalimu hawezi kuligundua kosa lake.

Na kuhusu dawa, mzigo usibebwe na mtoto peke yake. Kabla ya kuondoka zahanati au duka la dawa, mzazi amuulize mhudumu kwa Kiswahili: inywewe saa ngapi, kabla au baada ya chakula, na kitu gani kisichanganywe nayo. Akifika nyumbani, mtoto asome ile karatasi kwa sauti, na baba alinganishe na alichoambiwa. Wakitofautiana, maziwa yasubiri kwanza mpaka mhudumu aulizwe tena.