Mandari ya trela: Je, mama naye atapumzika?

NI ada ya miaka mingi kwa wakazi wa kisiwa cha Mombasa kutoka na jamii zao kwenda mandari. Siku za Jumapili barabara ya Mama Ngina hujaa wazazi na watoto wanaotazama meli zikiingia Kilindini, huku wakitafuna mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili. Mwezi wa Shaabani unapokaribia kwisha, watu wa Mji wa Kale hubeba masufuria na mikeka wakaenda kuvunja jungu kabla ya kuingia Ramadhani. Hata hivyo, desturi ni moja: jua likizama, kila mtu hurudi kwake.

Sasa wapo wanaotamani kulala huko huko. Baadhi hununua hema. Wengine, hasa wenye gari la nguvu, huulizia trela la mtumba, yaani kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, ambacho ndani mna vitanda, meza na jiko dogo la gesi.

Kulala nje si jambo geni kwetu. Wavuvi wa pwani hii tangu jadi hupiga dago. Wale wa Pemba huvuka msimu wa kaskazi wakaja kuvua katika pwani ya Kenya, wakakaa dagoni kwa muda mrefu mbali na majumba yao. Lakini dago ni la kazi, na ni la wanaume. Jambo tusilolizoea ni kulala nje pamoja na mke, watoto na nyanya, tena kwa raha.

Huko Uingereza, trela linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kutengenezwa kwa ajili ya starehe tu ni lile la Daktari William Gordon Stables, la mwaka wa 1885. Lilivutwa na farasi wawili. Bwana huyo alisafiri na mwendeshaji farasi pamoja na mtumishi wake. Msomaji, liweke akilini hilo la mtumishi, maana tutalirudia.

Kabla ya kulipa

Kwanza jiulize trela litalala wapi. Anayeishi Kibokoni au karibu na Ndia Kuu anajua kwamba hata mkokoteni ukisimama vibaya njia hufungika. Itabidi kutafuta jamaa mwenye uwanja Kisauni au Mtwapa, na jamaa huyo aombwe mapema, si siku trela linapofika mlangoni kwake.

Pili, usidanganywe na rangi mpya. Ingia chini na tochi utazame chuma, kwani chumvi ya bahari hula bila kelele. Kanyaga sakafu pembe zote. Ikibonyea, mbao zimeoza. Jaribu breki na taa za nyuma, na uhakikishe kuwa trela lina nambari yake ya usajili, kwa sababu trela husajiliwa peke yake mbali na gari linalolivuta.

Tatu, soma tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiwa imeandikwa 2312, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2012. Tairi ya trela lililosimama sana huonekana nzima kwa kuwa haikutembea, kumbe mpira umekwisha kukauka, nayo hupasuka ikipata jua la barabarani.

Safari ya kwanza iwe fupi

Pesa za trela ni karo ya mihula kadhaa. Kwa hivyo ni heri kuazima au kukodi hema kwanza, mkalala usiku mmoja katika uwanja wa jamaa. Usiku huo utawafunza mengi: nani anaogopa giza, nani hulala kwa feni tu, na maji mangapi hutumika. Msisahau kwamba maji ni ya kunywa, kupikia, kuoga na kutawadhia. Mkiwa watu sita, mtungi mmoja wa lita 20 hautoshi hata siku moja.

Mkishaona mnaiweza, nendeni Shimba Hills, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Huko kuna sehemu za kupiga kambi, kuna ndovu, na ndiko mahali pekee nchini Kenya penye palahala. Mkipita feri ya Likoni mkiwa na trela, chagueni saa ambayo maji hayajakupwa sana, kwani mteremko wa kuingilia chombo ukizidi, mkia wa trela hukwaruza chini. Mkipenda, mtapita barabara ya Dongo Kundu. Safari ya Tsavo Mashariki kwa njia ya Voi, takriban kilomita 150, ingoje hadi dereva azoee kuvuta trela kati ya malori.

Mizigo mizito iwekwe chini, karibu na magurudumu na kuelekea mbele kidogo. Mkijaza nyuma, trela litayumba kama dau lililopakiwa vibaya. Mkifika, egesheni chini ya mwarobaini au mwembe, wala si chini ya mnazi, kwani nazi haibishi hodi. Vyakula vifungiwe, kwa sababu nyani hawana haya. Kwa wanaoswali, kibla chetu ni kaskazini, hivyo dira ndogo itawafaa.

Na hili lisipuuzwe hata siku moja: jiko la makaa lisiingizwe ndani ya trela wala hema, iwe kwa kupikia au kwa kuota moto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Jiko limehama

Sasa turudi kwa yule mtumishi wa daktari. Sisi tukienda mandari, mtumishi wetu ni nani?

Tazama inavyokuwa. Mama huamka saa kumi za alfajiri akaumua mahamri na kuchemsha mbaazi. Hupakia masufuria, mwiko, sinia, mbuzi ya kukunia nazi na chupa ya chai. Wakifika, baba hutandika mkeka akajinyoosha, watoto hukimbilia maji, naye mama huulizwa, "Chakula tayari?" Akimaliza kupakua huosha vyombo kwa maji ya kupimwa, akiwa ameinama, bila bomba wala meza aliyoizoea. Nyumbani angalau kuna jirani wa kumsaidia au mtoto wa kumtuma dukani.

Mandari ya mchana mmoja huvumilika hivyo. Lakini siku tatu ndani ya trela dogo lenye joto ni kazi maradufu. Usishangae baadaye akisema, "Baba watoto, nendeni tu, mimi nitabaki na nyanya." Hapo ndipo trela huanza kuota kutu uwanjani kwa watu, na baba hubaki akilalamika kuwa mkewe hapendi matembezi. Si matembezi asiyoyapenda. Amechoka.

Dawa yake haihitaji pesa. Kabla ya safari, kaeni pamoja mgawane kazi kama wavuvi wanavyogawana chomboni. Wavulana wateke maji na kuosha vyombo. Wasichana nao wapewe nafasi ya kuogelea na kucheza, wasifanywe wapishi wadogo. Baba achome samaki na kupika chai ya asubuhi. Akiunguza kidogo, italiwa vivyo hivyo. Vyakula viwe vyepesi: mikate, matunda, mayai, viazi vya kuchemsha. Biriani ingoje nyumbani. Nyanya naye aulizwe anataka kulala wapi, asipangiwe kama mzigo.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msingoje kuamrishwa. Atakayemwambia mama, "Leo wewe keti," atakuwa amempa mandari ya kweli kuliko aliyenunua trela.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtatembea kote na mtarudi nyumbani. Mkirudi, msiulizane tu mmeona wanyama gani. Mtazameni mama usoni. Akiuliza safari nyingine ni lini, basi lipieni hilo trela. Akinyamaza, pesa zenu ziwekeni kwanza.

Tukutane Jumapili ijayo, Inshallah.