Kanisa la Wareno na Suali la Mzee wa Malindi

Julai 2024, mji wa kale wa Gedi ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia, watu wa Malindi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Gedi ni jirani yao, na magofu yake, msikiti wake mkuu na visima vyake, ni ushahidi wa wazee wetu. Lakini katika Malindi yenyewe, ukiifuata njia ya pwani kwendea nguzo ya Vasco da Gama, liko jengo jingine la kale ambalo wengi wetu twalipita bila ya kugeuza shingo. Ni kanisa la Wareno: chumba kimoja cheupe, kimeezekwa makuti, na makaburi yamekizunguka. Asiyelijua angedhani ni ghala ya wavuvi.

Mimi utotoni nilikatazwa kuingia hapo. Si kwa ajili ya ukanisa wake, la. Ni kwa ajili ya makaburi na jua la mchana, na nyinyi mliosoma chuoni mwajua tulivyotishwa na majini ya saa saba. Niliingia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye kalamu ya gazeti mkononi, na jambo la kwanza nililofanya ni kuupapasa ukuta.

Ukuta ule naujua. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, wenye baridi hata jua likiwa kali. Ndio ukuta wa nyumba niliyozaliwa na ndio wa misikiti yote ya kale ya pwani hii. Hapana mnara, hapana vioo vya rangi wala matao marefu kama ya makanisa ya Ulaya tunayoyaona katika picha. Mreno alikuja na dini yake merikebuni, lakini nyumba ya kuisalia hakuja nayo. Ilimbidi aichukue papa hapa: jiwe la hapa, chokaa ya kuchomwa hapa, makuti ya minazi ya hapa. Kwa dini ni kanisa. Kwa ujenzi, ni ndugu wa msikiti.

Alifikaje Malindi? Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa akapata uadui, akapanda kaskazini, na sultani wa Malindi, ambaye hakupatana na Mombasa, akampokea kwa wema na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. (Tulisomeshwa kuwa rubani huyo ni Ahmad bin Majid, wanahistoria wengi leo wanakataa.) Urafiki ule ulidumu karibu miaka mia. Wareno wakaweka watu wao Malindi, na watu hao walihitaji pa kusali na pa kuzikana. Ndilo hili kanisa la karne ya 16.

Mwaka 1542 ilitia nanga hapo merikebu iliyomchukua Francis Xavier, padri wa Kijesuiti aliyekuwa njiani kwenda Goa, ambaye Wakatoliki wanamhesabu miongoni mwa watakatifu wao wakubwa. Mtu mmoja wa merikebu alikufa wakamzika Malindi, na masimulizi huyaambatisha mazishi hayo na kiwanja cha kanisa hili. Septemba ya mwaka huo, akiwa Goa, Xavier aliandika barua kwa wenzake, na ndani yake amelieleza jambo ambalo mimi, tangu nilipolisoma, halijanitoka kichwani.

Anasema Mwislamu mmoja mwenye heshima kubwa mjini alimwendea akamuuliza: je, makanisa yenu huko kwenu yanajaa watu? Mna ari ya kusali? Kwani sisi hapa, akasema yule mzee, ucha Mungu umepungua. Mji una misikiti 17, na watu wanakwenda katika mitatu tu, nayo ni wachache.

Mtazame mzee huyo. Mbele yake yuko padri wa watu wenye mizinga, watu waliopora Kilwa na kuitia moto Mombasa mwaka 1505. Hakumuuliza habari za mizinga. Hakujisifu wala hakumkebehi. Alimuuliza kama mwenye duka amuulizavyo jirani: biashara kwako vipi? Xavier naye hakuwa na jicho jema kwa dini yetu, na barua yake yaonyesha. Lakini kwa kuiandika habari ile ametuwekea sauti ya babu yetu ambayo hakuna kitabu chetu kilichoihifadhi.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, wakahamia Mombasa, na sultani wa Malindi akahamia pamoja nao. Malindi ikafifia, ikawa vichaka, mpaka Sayyid Majid alipoifufua mwaka 1861. Ile misikiti 17 iko wapi? Karibu na msikiti wa Ijumaa yako makaburi ya nguzo, na moja ni la karne ya 15. Zaidi ya hayo mgeni ataonyeshwa machache. Kikanisa kipo.

Kipo kwa sababu kiko chini ya Makumbusho ya Taifa na sheria inakilinda. Misikiti yetu ya kale hailindwi hivyo yote, na adui wake si Mreno. Ni sisi. Jamaa imeongezeka, mfadhili amepatikana, kamati imekaa, na wiki ijayo mihrabu ya matumbawe iliyochongwa kwa mkono inavunjwa ili vigae vipate kubandikwa. Nimeuona msikiti mmoja, sitautaja, ambao kuta zake za chokaa zilipakwa saruji. Saruji huzuia ukuta wa matumbawe kupumua. Unyevu na chumvi hufungika ndani, na plasta huanza kumeguka. Msikiti ni nyumba iliyo hai, sikatai, na wanaosali wana haki ya nafasi na maji safi ya kutawadha. Lakini kupanua ni kitu kimoja na kufuta ni kitu kingine. Wala tusidhani jengo kubwa halianguki: Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib la Unguja iliporomoka huku likitengenezwa, na watu wakafa.

Ataniuliza mtu: Mwislamu ana haja gani na kanisa? Nitamjibu kuwa Sura ya Hajj, aya ya 40, imeyataja makanisa pamoja na misikiti katika mahali ambapo Mungu hakuridhia pabomolewe. Na akisema Wareno walitudhulumu, nitamwambia ni kweli, walirudi wakaipiga Mombasa mwaka 1528. Kanisa lile ni shahidi wa mambo hayo pia. Shahidi hauawi kwa kuwa ushahidi wake unauma.

Ninalolitaka ni dogo. Waongozao wageni pale wasimtaje Vasco peke yake. Wamtaje na yule mzee na suali lake. Na mafundi wa chokaa waliobaki, ambao sasa ni watu wazima sana, wapewe vijana wa kuwafunza, na kamati za misikiti ziwaite kabla ya kumwita mwenye lori la saruji. Mkono utakaoutengeneza ukuta wa kanisa ndio huo huo utakaoiponya mihrabu.

Nilipokwenda mara ya mwisho nilikaa ndani hata adhana ya Alasiri ikanifikia humo. Nikatoka, nikaenda kusali msikiti wa karibu. Tulikuwa safu moja na nusu.