Chipu Chini ya Ngozi

Wako wanaotuuliza juu ya kile kidude kinachotiwa ndani ya mwili wa mtu, wakidhani ndiyo alama ya mnyama iliyotajwa katika Ufunuo. Tusikimbilie huko; kitu chenyewe chatosha kutufikirisha.

Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliruhusu chipu iitwayo VeriChip, ndogo kama punje ya mchele, itiwe mkononi kwa sindano. Haikuwa na betri, wala haikumfuata mtu njiani. Ilikaa kimya mpaka chombo cha kuisomea kiletwe karibu, ndipo ilipotoa namba, na kwa namba hiyo waganga walitafuta habari za mgonjwa. Lakini walioiruhusu waliandika pia hatari zake: yaweza kuudhuru mwili, yaweza kuhama mahali pake, na siri za mgonjwa zaweza kuibwa. Mwaka 2006 fundi mmoja alionyesha kwamba namba ile yaweza kunakiliwa. Ufunguo ukinakiliwa, twabadili kitasa. Huu je, tuutoe kwa kisu? Mwaka 2010 biashara yake ilikoma.

Jimbo la Wisconsin lilikataza, mwaka 2006, mtu yeyote kulazimishwa kutiwa chipu. Ndivyo ipasavyo. Lakini katika jimbo hilohilo, mwaka 2017, kampuni ya Three Square Market iliwatia chipu wafanyakazi wake kadhaa, wapate kufungua milango na kununua chakula. Walikubali kwa hiari yao, na sisi twasadiki. Ila kila baba angojaye mshahara wa mwisho wa mwezi ajua jinsi ilivyo vigumu kumwambia tajiri wake hapana, hata akiombwa kwa upole.