Mbegu ya Nyanya Huchaguliwa Shambani, Si Jikoni

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, zipo kaya zinazopata mbegu ya nyanya kwa kukamua matunda yaliyobaki jikoni. Mavuno yakiwa duni, lawama huangukia udongo au mvua. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki, kwani kosa lilikwisha kutendeka siku mbegu ilipochaguliwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba mbegu hurithi sifa za mmea mzima, wala si za tunda moja. Nyanya nene iliyotoka kwenye mmea dhaifu hubeba udhaifu huo. Aidha, baadhi ya magonjwa ya bakteria na virusi husafiri pamoja na mbegu. Basi mwenye kutaka mbegu na apite shambani kabla ya mavuno, aifungie kamba mimea yenye afya na matunda mengi, na matunda hayo yasiliwe.

Aina nayo ina neno lake. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo aina za kawaida, kama Tanya na Tengeru 97, huzaa watoto wanaofanana na mzazi. Mbegu chotara ina sifa zake njema, lakini watoto wake hutawanyika: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine hana kinga ya mzazi. Kanuni hiyo Gregor Mendel aliichapisha mwaka 1866 baada ya kuchunguza njegere. Anayeweka mbegu ya chotara asidhani kwamba ardhi imemsaliti.

Ute unaoizunguka mbegu huizuia kuota ndani ya tunda. Ukiachwa kuchachuka kwa siku 2 au 3, hulegea. Mbegu nzima huzama, nayo makapi huelea. Kisha mbegu huoshwa na kuanikwa kivulini. Kiangazi cha Juni hadi Agosti chafaa sana kwa kazi hiyo, maana unyevu ni adui mkubwa. Mtaalamu wa Marekani, Harrington, alionyesha kwamba, kwa makadirio, kila asilimia 1 ya unyevu inayopungua katika mbegu huongeza maisha yake maradufu. Chupa kavu yenye kifuniko kinachobana yatosha. Kitalu kikioteshwa mwezi Agosti, miche huwa tayari kuhamishwa mvua za vuli zinapoanza.

Kwa nini basi somo hili liishie ubaoni? Shule yenye bustani ndogo yaweza kupanda aina ya kawaida na chotara kando kwa kando, kuweka mbegu za zote mbili, na kulinganisha watoto wao msimu unaofuata. Mbegu 50 juu ya kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto, zitaonyesha baada ya siku 10 ni ngapi zilizo hai. Mwanafunzi aliyehesabu hivyo hataifundisha familia yake urithi kwa maneno matupu. Ataiokolea msimu mzima wa jasho.