Anayesema Maneno Hayashibishi Amemlisha Nani?

Ukitaja mbele ya watu wazima wazo la kumwandikia mtu usiyemjua maneno ya kumtia moyo, majibu yanajulikana. Wa kwanza atasema maneno hayashibishi. Wa pili atasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wa tatu atakuambia kama una huruma, toa hela. Mazungumzo yataishia hapo, na kila mmoja ataondoka akiamini amesema la busara.

Hiyo si busara. Ni ubahili, tena ubahili wa kitu ambacho hakimpungukii mtu akikitoa.

Mtazame mwanamke anayefagia kando ya Barabara ya Morogoro alfajiri, kizibao cha njano mwilini, kitambaa puani, mabasi yakimpita karibu kiasi cha kupeperusha pindo la kanga yake. Maelfu wanapita hapo kabla jua halijachomoza vizuri, na sauti pekee anayoelekezewa ni honi ya kumtaka asogee. Sasa waulize wanaosema maneno hayashibishi: mwanamke huyu mmemnunulia chai lini? Hawajawahi. Njaa yake wanaitaja ili wamnyime neno, kisha na chakula chenyewe hawampi.

Na hili la kusingizia Wazungu ni kujisahau. Watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wamekuwa wakiwaandikia wasiowajua tangu kanga zilipoanza kuchapwa maneno. Mwanamke anakatiza sokoni na ujumbe wake, na kila aliye nyuma anausoma. Daladala na bodaboda zimejaa maandishi yanayomsubiri yeyote atakayefuata. Tukimkuta mtu tusiyemjua ameshika jembe au amebeba mzigo, tunamwambia pole na kazi bila kumuuliza ukoo wake. Dini zetu nazo zimelipa neno cheo kikubwa. Mtume Muhammad alifundisha kwamba neno jema ni sadaka. Kurani, aya ya 263 ya Sura Al-Baqara, inaitanguliza kauli njema mbele ya sadaka inayofuatwa na maudhi. Mithali 12:25 katika Biblia inakiri kwamba moyo uliolemewa huinuliwa na neno zuri. Anayeyajua haya kisha akasema neno ni kitu cha bure, anayapinga mafundisho anayoyaitikia amina kila wiki.

Kwa wanaotaka ushahidi wa kitaalamu, nao upo. Mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili Jerome Motto alianza jaribio mjini San Francisco, Marekani. Aliwachukua watu 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, ambao baada ya kutoka hospitali walikataa kuendelea na matibabu. Aliwagawa kwa bahati nasibu: kundi moja likawa linatumiwa barua fupi, jingine likaachwa bila kuandikiwa. Barua ilikuwa na sentensi chache kutoka kwa mtumishi aliyewahi kuzungumza na mgonjwa huyo hospitalini: muda umepita tangu ulipokuwa hapa, tunatumaini u mzima, ukipenda kutuandikia tutafurahi. Haikumtaka arudi kwenye matibabu wala haikumdai jibu. Barua hizo ziliendelea kwa miaka mitano, na kila moja iliandikwa kwa maneno tofauti na iliyotangulia.

Motto na mwenzake Alan Bostrom walichapisha matokeo mwaka 2001. Katika kila mwaka wa mitano ile, kiwango cha waliojiua kilikuwa chini katika kundi lililoandikiwa, na katika miaka miwili ya kwanza tofauti hiyo ilithibitika kitakwimu. Hawa walikuwa watu waliokataa kuendelea na matibabu. Barua ya sentensi chache ndiyo iliyopita mlangoni kwao.

Wala si madaktari peke yao wanaoweza. Mwaka 2018 binti mmoja wa Sunderland, Uingereza, Paige Hunter, alibandika vikaratasi vya kutia moyo kwenye Daraja la Wearmouth, mahali ambapo waliokata tamaa walikuwa wakienda. Polisi wa Northumbria walimpongeza rasmi.

Kwa nini basi tunasita? Watafiti Erica Boothby na Vanessa Bohns waliwaomba watu wamsifu mtu wasiyemjua kwa jambo waliloliona kwake na kulipenda. Kabla ya kwenda, waliotumwa walihofu kwamba mtu huyo ataona karaha, na kwamba sifa yao haitamgusa sana. Waliosifiwa walifurahi kuliko ilivyotarajiwa, na karaha iliyohofiwa ilikuwa ndogo. Tunalishusha thamani neno letu hata kabla halijamfikia mwenyewe.

Nakubali kwamba ziko jumbe zinazostahili kudharauliwa. Zile za WhatsApp za usikate tamaa, tuma kwa watu kumi upate baraka, hazikuandikwa kwa ajili ya mtu yeyote. Kumwandikia asiye na kodi ya nyumba kwamba atabasamu tu na mambo yatanyooka ni kumuudhi. Ujumbe wenye kazi hutoka kwa mtu aliyetazama kwanza. Chana karatasi ya daftari umwandikie nesi wa zamu ya usiku: Sista, jana ulikuja kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha dirishani kabla sisi ndugu zake hatujaomba. Tuliona. Asante. Hapo hakuna mahubiri wala ombi la kujibiwa. Kuna jambo moja alilolifanya, na mashahidi wake.

Sisemi karatasi ichukue nafasi ya mshahara. Mfagizi anastahili kulipwa kwa wakati, nesi anastahili wenzake wa kutosha wodini, na kulidai hilo ni wajibu wetu sote. Kosa la hoja ya maneno hayashibishi ni kudhani kwamba neno na haki vinagombania nafasi moja, kwamba ukitoa hili utakuwa umeondolewa deni la lile. Mambo hayaendi hivyo. Mtu aliyesimama akamtazama mfagizi hadi akapata cha kumwandikia ndiye atakayejua mwezi huu hana glavu, ndiye atakayesikia kwamba malipo yamechelewa, na ndiye atakayekuwa na la kusema diwani akija mtaani kuomba kura. Aliyepita huku akipiga honi hatakuwa na la kusema, kwa sababu hakuona mtu pale.