Kabla ya kujenga choo, mtuulize sisi

Sisi wasichana wa Rhino Camp na Lobule hatujafika miaka 18, kwa hiyo hatupigi kura ya baraza la wakimbizi, ile RWC. Sawa, tutangoja. Lakini hedhi haingoji. Pedi zikiisha tunabaki nyumbani, masomo yanatupita. Na choo cha shule kama hakina mlango, utabadilishia wapi? Siku ya mkutano wazee wanaongea, sisi tunatumwa maji. Jamani, nani ataeleza shida ya choo kama si yule anayekitumia? Viongozi wetu, na nyinyi wa mashirika: kabla ya kujenga au kugawa kitu, mkae na sisi kwanza, wavulana wasiwepo, na mama mmoja aandike tunayosema. Tuanze hata na komeo la mlango.