Maoni: Supu ya Wavietnam ni somo kwa Wakongomani wa ugenini

Katika mji mdogo wa Falls Church, jimbo la Virginia, karibu na Washington, kuna kituo cha maduka kinachoitwa Eden Center. Mwisho wa juma, familia za Wavietnam zinajaa kwenye restora zake kula phở: tambi za mchele ndani ya supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa saa nyingi pamoja na tangawizi, mdalasini na kitunguu kilichochomwa. Pembeni kunawekwa sahani ya majani mabichi, ndimu na pilipili, kila mtu anaongeza anavyopenda. Inje inapepea bendera ya manjano yenye mistari mitatu myekundu. Ni bendera ya Vietnam ya Kusini, inchi ambayo haiko tena.

Mpita njia ataona chakula tu. Lakini Mkongomani aliyepitia kambi ya Nyarugusu, Nakivale ao Dzaleka anapaswa kuona zaidi.

Supu hiyo imekimbia mara mbili. Ilianzia kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa ukoloni wa Ufaransa. Inchi ilipogawanywa mwaka wa 1954, watu karibu milioni moja walihama kwenda kusini, wakabeba mapishi yao. Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon ikaanguka, na supu ikavuka bahari pamoja na wakimbizi.

Waliofika karibu na Washington walianza biashara Clarendon, mtaa wa Arlington. Huko kodi ilikuwa ndogo, kwani ujenzi wa metro ulikuwa umeharibu biashara za wengine. Metro ilipofunguliwa mwaka wa 1979, kodi ikapanda, na wengi wakalazimika kuondoka. Kuanzia mwaka wa 1984 wakakusanyika Eden Center, ambako leo kuna maduka na restora zaidi ya 100.

Walifanya jambo la akili: walipofukuzwa na kodi, hawakutawanyika. Lakini hata pale wao ni wapangaji, kuta si zao. Miaka ya karibuni, mji ulipotengeneza mpango mpya wa eneo hilo, woga wa Clarendon ulirudi. Huko California mambo yalienda tofauti. Kituo cha Asian Garden Mall, kilichofunguliwa Westminster mwaka wa 1987, kilijengwa na Frank Jao, ambaye yeye mwenyewe alifika Marekani kama mkimbizi mwaka wa 1975.

Wakongomani je? Katika mwaka wa bajeti wa 2016, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Congo, wengi kuliko wa inchi nyingine yoyote. Ni watu wanaojua kupika. Hata hivyo, mara nyingi bugali, sombe na sambaza vinabaki ndani ya nyumba, ao vinatoka siku ya ndoa na ya matanga. Mama mwenye mkono mzuri anasifiwa na kila mtu, kisha anarudi kufanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba mkimbizi ana mizigo mingine: kodi ya nyumba, masomo ya watoto, na ndugu waliobaki Uvira ao Beni wanaongoja pesa. Ni kweli. Lakini Wavietnam nao walifika mikono mitupu, na walikuwa na ndugu waliobaki nyuma. Tena Wakongomani wana chombo wanachokijua tangu kwao: likelemba na AVEC. Michango inayolipia jeneza na sare za ndoa inaweza pia kulipia mlango mmoja wa duka, kisha wa pili kando yake.

Wasingoje tajiri mmoja. Kwanza wachague mtaa mmoja, si mitaa kumi. Wasaini mkataba wa miaka mingi, si wa mwezi kwa mwezi. Na tangu siku ya kwanza, sehemu ya faida iwekwe kwa ajili ya kununua jengo. Kwani mtu aliyefukuzwa kwao na risasi hapaswi kufukuzwa mara ya pili na kodi, sufuria ikiwa bado jikoni.